Kochi la Bibi Haling'oki

Kwa miaka kumi watazamaji walimpigia makofi yule mpambaji wa nyumba kwenye televisheni. Wasichokijua ni kwamba kamera zikizimwa tu, lori la duka lililoazimisha samani lilirudi kubeba kila kiti, na mwenye nyumba akabaki ameduwaa kwenye sakafu tupu.

Safari hii mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu, bibi wa watu, aliyelia kwa furaha mbele ya kamera. Taa zilipozimwa, wapagazi wa duka wakaingia na kulishika kochi.

"Liacheni hapo hapo!" mpambaji akafoka.

Mtayarishaji wa kipindi akamkazia macho. "Umepandwa na wazimu? Hilo ni la duka."

"La duka halijashuka kwenye lori tangu asubuhi. Hili ni la bibi mwenyewe, lile bovu mliloniambia nilitupe. Nimelitia springi mpya na kulishonea kitambaa kwa mikono yangu hii. Chungulieni chini!"

Wapagazi wakaliinua, wakaziona mbao kuukuu, wakalishusha polepole, na bibi akalikalia.

"Basi kazi huna!" mtayarishaji akabwata.

"Sina," akajibu, akijibwaga kando ya bibi. "Lakini bibi ana pa kukaa."