Ukifa, Pisha

Anyieth hakuwa na breki mdomoni, na kila aliyeingia kwa Yahye pale soko la Wasomali, kambi ya wakimbizi ya Kakuma One, alilijua hilo kabla hajapata pa kukaa. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, kompyuta zimepangwa ukutani, na moja, ile nzuri, imeunganishwa na skrini kubwa. Jumamosi mchana watu walijazana mbele ya skrini hiyo na Anyieth akashika maiki. Unawajua wale jamaa wa vibanda vya video, wanaozungumza juu ya filamu ya Kihindi mpaka mzee asiyejua hata salamu ya Kihindi anafuta machozi? Basi kazi yake ilikuwa hiyohiyo, ila yeye alizungumza juu ya gemu. Na alisema ukweli, hapo ndipo penye shida.

"Hii imechorwa kwa vidoto, vinukta vya rangi, kama gemu za zamani," alitangaza siku moja. "Vidoto havina kosa. Mwenye kosa ni aliyeitengeneza. Adui anakutokea mgongoni bila hata hodi! Huo si ugumu, jamani, huo ni wizi." Juu ya nyingine alisema, "Ya kwanza ilikuwa tamu, tukaisifu. Sasa tazameni hii ya pili. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Moja tu ndiyo aliyoisifu bila kuchoka. Jina lake lilikuwa refu la Kizungu, watu wakaiita Mkuki. Msichana wa vidoto vichache, mkuki mmoja mkononi. Akishaurusha, lazima aufuate auokote, na maadui hawamsubiri. Ilitengenezwa na watu wawili tu, sebuleni kwao. "Humu ukifa hakuna wa kumlaumu," Anyieth alipenda kusema. "Ni wewe na pupa yako." Lakini hakuna mtu pale kibandani aliyewahi kuimaliza, yeye mwenyewe akiwemo.

Basi akaja Lokwawi. Huyu alikuwa kijana wa Kanamkemer, kule Lodwar, ndiye aliyekuwa akimletea Yahye gemu mpya, na kwa mkono wake mwepesi wachezaji walimheshimu. Siku hiyo alikuja na kompyuta yake ya kupakata, akaiunganisha na skrini kubwa, akaonyesha gemu ya vita ambayo hata jasho la askari lilionekana likitiririka. Watu wakashangaa, wakapiga miluzi. Anyieth akatazama mpaka mwisho, kisha akainua maiki.

"Inang'aa, sikatai. Lakini mchezaji ameshikwa mkono kama kipofu. Nenda hapa, piga pale, hongera, nenda tena. Debe tupu!"

Kibanda kikaangua kicheko. Lokwawi hakucheka.

"Wewe, kompyuta za kwenu hapa hazibebi gemu kubwa," alisema, "ndiyo maana unazisifu hizi ndogo. Sungura alisema nini? Sizitaki mbichi hizi."

Neno hilo liliwachoma wengi, si Anyieth peke yake. Watu wa kambi walikuwa wameshaambiwa sana kwamba wanapenda wanachopewa kwa kuwa hawana kingine, na kumbe huyu naye! Anyieth alihisi uso unamwaka.

"Anyieth, muombe radhi mgeni," Yahye akanong'ona. Alikuwa anaogopa kukosa gemu mpya za Lodwar.

"Niombe radhi kwa kusema ninachokiona? Sitaki."

"Basi tucheze hiyo Mkuki yake," Lokwawi akasema. "Mimi nimeimaliza nyumbani. Akifika mbali kuliko mimi, nayameza maneno yangu. Nikifika mbali kuliko yeye, aweke maiki chini na asiishike tena humu."

Yahye akamtazama Anyieth. Anyieth akatikisa kichwa kukubali. Lakini akiipoteza maiki ile, nani tena angemwachia msichana wa Kijieng', yaani Mdinka, aseme mbele ya kadamnasi na asikilizwe?

"Sawa," Yahye akasema, "lakini kwa sheria ya hapa. Ukifa, pisha."

Sheria ile ilitokana na foleni. Benchi lilikuwa refu na jenereta inakunywa mafuta, kwa hiyo kila mtu alipewa uhai mmoja tu. Ukifa, unampisha mwenzako, unarudi mkiani mwa benchi kutazama wengine wakifa.

Lokwawi akaanza, na haki yake apewe: alicheza vizuri kuliko yeyote aliyewahi kukaa pale. Mkuki ulikwenda na kurudi mpaka akamfikia Fahali, adui wa mwisho, dume la pembe za chuma. Hapo akarusha haraka, Fahali akakwepa, pembe zikamwinua msichana juu. Kwisha. Papo hapo kidole cha Lokwawi kikabonyeza kitufe cha kuanza upya.

"Pisha!" watu wakapiga kelele.

"Ngojeni, hiyo nilikuwa nampima tu!"

"Pisha, bwana! Hapa hakuna kupima!"

Masikini, nyumbani alikuwa amejifunza kwa kufa. Alikufa alivyotaka, akarudia alivyotaka, na hakuna aliyemngoja mlangoni. Akanyanyuka huku akikuna kichwa.

Anyieth akakaa. Maiki akaiweka mezani mbele ya mdomo wake, akacheza huku akitangaza, akimtukana kila adui kwa jina alilompa mwenyewe, watu wakicheka. Alipofika kwa Fahali akanyamaza.

"Rusha!" wakamwambia. "Rusha sasa!"

"Munyamaze basi!" akafoka Jeanine, mama wa Kikongo aliyekuwa akiuza chai mlangoni. Alikuwa ameacha birika lichemke litakavyo.

Anyieth hakurusha. Kwenye benchi alikuwa ameona wenzake wengi wakiuawa na dume lile, na wote walirusha lilipoinamisha kichwa, maana ndipo lilipoonekana limechoka. Yeye alikuwa ametazama kwato, akajua dume halijachoka kweli mpaka ukwato wa nyuma uteleze. Akaruka pembe, akaruka tena, vidole vinateleza kwa jasho. Ukwato wa nyuma ukateleza. Akarusha! Mkuki ukazama, na Fahali akasambaratika vidoto vidoto skrini nzima.

Mabati nusura yang'oke. Watu walimwinua Anyieth, kiti na yeye. Yahye alisahau gemu za Lodwar na kumshukuru Mungu kwa Kisomali na Kiswahili pamoja. Anyieth alikuwa analia na kucheka, hakuona haya.

Lokwawi mwenyewe ndiye aliyemletea maiki. "Umenishinda. Sema," akamwambia. Wote wakageuka kwenye skrini, wasikie atakavyoisifu gemu yake. Jua la vidoto likachomoza, likafuata neno moja la hongera, basi, giza.

Anyieth akaitazama ile skrini tupu.

"Jamani," akasema, "mwisho wake ni mbovu."

Watu wakaduwaa.

"Jasho lote hili, naonyeshwa jua? Jua nimeliacha hapo nje! Hao wawili walichoka wakaenda kulala. Mwisho mbovu kabisa, na bado ndiyo gemu bora iliyowahi kuingia humu."

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Lokwawi, akacheka mpaka akajishikilia ukutani.

"Na ile yangu?" akauliza alipopata pumzi.

"Ile yako ni debe tupu, kaka."

"Haya," akasema. Akachomoa kompyuta yake kwenye skrini kubwa, akaenda kukaa mkiani mwa benchi kusubiri zamu ya Mkuki.