Tausi Juu ya Alama ya Pasi

Alama ya pasi ilikaa mbele kabisa, usawa wa goti la kulia, iking'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Kwingine kote mahameli ya rangi ya damu ya mzee ilikuwa salama, mizabibu ya nyuzi za dhahabu ikipanda kutoka pindoni hadi kiunoni. Ndiyo lehenga aliyoniletea mama mkwe, sketi nzito kama gunia la ngano, na jioni hiyohiyo angekuja kunitazama nimeivaa.

"Nilitaka kuinyoosha tu," alisema Mama Mkubwa Rukmani, mke wa kaka yake baba, pasi bado mkononi. "Ilikuwa na kunyanzi."

"Mahameli haipigwi pasi, dada!" Mama alijishika kichwa. "Inatundikwa kwenye mvuke! Mungu wangu, tutasema nini kwa watu?"

Kila mwanamke mle chumbani akaja na lake. Mmoja akasema tuigeuze nyuma mbele. Mwingine akamuuliza, ili iweje, bibi harusi aikalie? Tuifunike kwa ushungi? Nikianza kuuzunguka moto wa ndoa ushungi utapeperuka, na mama mkwe wangu ana macho ya mwewe. Nililia, wanja ukanichuruzika hadi kidevuni.

Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa akiamrisha nani aniguse na nani asiniguse. Mume hai, watoto wa kiume wanne, basi mji wetu mzima wa Bikaner hakuna mwenye heri kama yeye. Siku iliyotangulia alikuwa ametangaza, "Kesar atakaa stoo. Mjane hagusi vitu vya bibi harusi. Sisemi kwa ubaya." Mama Mkubwa akisema hasemi kwa ubaya, jua ubaya umeshafika.

Shangazi Kesar, dada yake baba, alirudi nyumbani akiwa mjane kabla hata mwaka wa ndoa yake haujaisha. Toka hapo alivaa nyeupe. Mama alipokuwa akiugua ndiye aliyenilea. Nililala ubavuni mwake mpaka nikavunja ungo. Nilipopiga kelele kwamba siolewi bila yeye kuwapo, alinituliza mwenyewe. "Acha, mwanangu. Njegere nazo zinataka mtu." Akaenda stoo kumenya njegere za wageni.

Sasa vilio vyetu vilikuwa vimemfikia. Akaja akasimama nje ya kizingiti, hakukivuka. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe, akakifungua. Ndani mlikuwa na tausi wa nyuzi za dhahabu, mkubwa kama kiganja, juu ya kipande cha mahameli ya damu ya mzee.

"Ni wa lehenga yangu," alisema. "Nguo yenyewe wadudu waliimaliza. Tausi walikuwa wawili, nikawakata, nikawaweka. Chukueni huyu mmoja, mumpe mtu amshone juu ya alama. Mimi sigusi."

Akamweka sakafuni, akarudi nyuma hatua moja. Ile hatua ndiyo iliyonichoma. Nilisahau mama mkwe, nikasahau aibu. Nikaikumbatia ile sketi, nikaiburuta mpaka kizingitini, nikaketi chini.

"Mshone wewe, Shangazi."

"Hemlata!" Mama Mkubwa aliruka. "Nguo ya mjane, mkono wa mjane, siku ya harusi! Unataka kumuua mume hujamtia hata machoni?"

"Mama Mkubwa," nikamwambia, "mkono wa heri ndio ulioshika pasi."

Lo!  Mama, machozi yangali mashavuni, akaangua kicheko mpaka akashika mlango. "Ingia, Kesar," akasema. "Ingia, baridi hiyo."

Shangazi akavuka. Akaketi kando yangu, akaanza kushona. Mama Mkubwa alikaa pembeni amevimba, anatazama. Mwishowe hakuweza kuvumilia. "Uzi huo umefifia mno," akasema, akamtungia sindano nyingine, akampa.

Jioni, mama mkwe alimwona tausi kabla hajaniona mimi. "Huyu hakuwamo."

"Ni wa shangazi yangu."

"Yupi?"

Nikamwonyesha yule mwanamke wa sari nyeupe aliyesimama ukutani. Mama mkwe akamwendea, roho yangu iko mkononi. Kisha akaunganisha viganja, akamsalimu kama wanavyosalimiwa wakubwa.

Devkaran, mume wangu, hakufa. Yupo hapa analalamika chai imepoa.

Majira haya ya baridi yaliyopita tumemwoza binti yetu Iravati. Tausi wa pili yuko kwenye lehenga yake. Alimshona Shangazi mwenyewe, na macho yake hayo ya uzee, kapinda kidogo lakini yupo. Tulipokuwa tunaanza kumvisha bibi harusi, Shangazi akatazama huku na huku.

"Rukmani yuko wapi?"

Mama Mkubwa alifiwa na mumewe mwaka juzi. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemkataza kitu. Tulimkuta stoo, ndani ya sari nyeupe, beseni la njegere mapajani, anamenya bila kuinua uso.

Shangazi Kesar akavuka kizingiti, akalichukua beseni, akaliweka chini.

"Inuka, wifi," akasema. "Njegere zimetosha. Ila pasi usiishike."