Vioo Viwili vya Bi Mvua

"Chura na panya wa jangwani? Hao nawajua kuliko mama zao," Bi Mvua alizoea kujigamba. Asubuhi hii, akiwa peke yake, aliongeza, "Nawajua sana. Ndiyo maana nimewaua."

Jina la Mvua alilipata kwa bomba lake la kunyunyizia. Kila jioni, katika chumba cha wanyama alichoajiriwa kukitunza, sanduku la kioo la kulia, la chura, alilinyeshea; la kushoto, la panya, hakuligusa. Chura hanywi kwa mdomo. Ngozi ndiyo humnywea, nayo ikikosa unyevu anakauka yu hai. Panya wa jangwani hataki maji hata ya kunawa. Mbegu kavu zamtosha, na akilowa baridi humwingia mpaka moyoni. Majirani gani hao, riziki ya mmoja kifo cha mwenziwe!

Jana aliyahamisha masanduku, la huku kule na la kule huku, apate kutoa utando wa buibui. Jioni mkono ukafuata mazoea, ukanyunyiza kulia.

Sasa panya alitetemeka juu ya mchanga uliogeuka uji. Chura alikuwa mkavu kama kisigino cha Bi Mvua mwenyewe.

Alimfuta panya, akamtia kifuani ndani ya blauzi. Kisha akamlaza chura ndani ya birika la chai pale dirishani, katika maji kidogo ya baridi.

"Amka, baba. Usinifanyie hivi."

Chura hakutikisika. Viatu vya bosi wake vikagonga koridoni, naye akalifunika birika. Samaki wa chumba hiki walipokufa, bosi alimwambia, "Mama, kosa jingine, ufunguo unaurudisha."

Akaingia, akainamia vioo. "Mbona simwoni mtu humu?"

"Wamelala, mwanangu. Walikesha."

"Na mchanga umelowa."

"Panya naye ana haja zake."

Bosi hakucheka. "Chura yuko wapi?"

"Chini ya majani hayo. Nimemwona sasa hivi, mnene, anameta."

Kifuani panya akajigeuza. Bi Mvua akakunja mikono juu yake, kama mwenye baridi. Bosi akafunua jani, akafunua la pili, mpaka yakaisha.

"Mama, nitazame. Yuko wapi?"

"Si huyo hapo chini!"

Dirishani, birika likalia: kroo.

Bi Mvua aliyekuwa akiiombea sauti hiyo tangu alfajiri alishindwa kujizuia. Akatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Bosi akamtazama, akalitazama birika. Kifuniko kikainuka kidogo, kikashuka.