Mwenye Kibali

Doa lilikuwa la wino mweusi, pana kama sinia, katikati ya zulia la sufi la ukumbi wa mikutano. Meneja wa hoteli alilitazama, kisha akamgeukia Bi Mazulia, aliyekuwa akimsafishia mazulia tangu hoteli ilipofunguliwa.

"Mama, ile dawa yako kali. Wageni wanaingia mchana."

"Dawa anayo mkwe wangu."

Ilikuwa kweli. Sheria mpya iliruhusu dawa za kuyeyusha madoa zishikwe na mwenye kibali peke yake, tena mahali panapopita hewa. Bi Mazulia alinyimwa kibali. Daktari alipima kifua chake, akakataa. Mke wa mwanawe, aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, alifanya mtihani akafaulu. Tangu hapo majirani walikuwa wakiuliza nani sasa fundi na nani kibarua, na Bi Mazulia hakuwa amewajibu.

Mkwe, aliyekuja naye, alizunguka ukumbi akijaribu madirisha. Hakuna lililofunguka.

"Humu dawa siifungui," alisema. "Nitatumia sabuni laini na maji. Itachukua muda, na huenda kikabaki kivuli."

Meneja alicheka. "Mama, huyu anaogopa chupa. Mwambie. Fundi ni wewe."

Mkwe aliinamisha macho kwenye glavu zake. Mama mkwe akisema fungua, angekataaje?

"Mwanangu," Bi Mazulia alimwambia meneja, "unataka nimruke bosi wangu?"

"Bosi? Si wewe uliyemfundisha?"

"Ndiyo, na amenipita. Ulitaka nifundishe mjinga? Kama una haraka, kamwite mwingine aje na dawa yake. Ila usikae naye humu. Mimi nilikaa na mvuke wa dawa miaka mingi, ndiyo maana ngazi zako nazipanda kwa vituo."

Meneja aliguna, akaenda kuwatafutia wageni ukumbi mwingine.

Walipiga magoti, huyu huku na huyu kule. Mkwe alinyunyiza na kunyonya maji kwa mashine. Bi Mazulia aligandamiza kitambaa cheupe, kutoka ukingoni kwenda katikati, bila kusugua. Vitambaa vilitoka vyeusi, halafu vya kijivu.

Meneja aliporudi alichuchumaa.

"Kivuli kimebaki."

"Kimebaki," alisema mkwe. "Nilikwambia."

Meneja akapapasa sufi. Haikuungua wala kukakamaa. Akainuka polepole.

"Ghorofa ya juu kuna zulia jingine. Kesho mtaweza, mama?"

Bi Mazulia alikuwa akikamua kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Muulize fundi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi.