Mstari Alioukatisha Baba

Baba yangu ana sauti mbili. Ya nyumbani ni ndogo, akiomba chumvi utadhani anaomba radhi. Ya madhabahuni inakwaruza kama msumeno, na kila neno analifunga mkia: "Bwana-aah! Amesema-aah!" Jumamosi mama humchemshia maji ya chumvi asukutue koo. Mimi hiyo sauti ya pili naichukia. Naandika hivyohivyo, naichukia.

Na mimi ndiye msomaji wake. Kanisani kwetu mhubiri hasomi mwenyewe. Nasimama pembeni na kipaza sauti changu, yeye anasema "Soma!", nasoma kipande. Anakirudia kwa kunguruma, kinanda kinamjibu, watu wanapiga makofi. Akisema "Hapohapo!" nakata, hata kama niko katikati ya sentensi. Shuleni wananiita Hapohapo. Kuongea mbele za watu naogopa, lakini nilijiambia kusoma siyo kuongea. Miaka miwili nimejidanganya hivyo.

Mpiga kinanda ni shemeji, mume wa dada yangu. Jumatano dada alirudi kwetu na begi moja, mdomo umepasuka. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Baba akasema, kwa ile sauti ndogo ya kuombea chumvi, "Mwanangu, Jumapili baada ya ibada utarudi na mumeo. Mimi mchungaji, watu wataniangaliaje?"

"Baba, ataniua."

"Usiseme hivyo. Tutaomba."

Basi Jumapili dada akakaa safu ya tatu, mtandio hadi puani, begi miguuni. Shemeji anatabasamu kwenye kinanda. Vidole laini kweli. Vidole vilevile.

"Soma!"

Nikasoma pale wake wanapoambiwa wawatii waume zao.

"Hapohapo! Wawatii nani-aah?"

"Waume!" kanisa zima.

"Mwambie jirani yako, rudi nyumbani-aah!"

Mama mmoja wa kwaya akamgeukia dada, anacheka, hajui lolote. "Rudi nyumbani, mpenzi!"

Dada akainama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. Hasira zikanipanda. Kwa sababu ukurasa ninao mimi. Mistari michache chini yake naijua, na baba anaijua, na hajawahi hata siku moja kuniacha niifikie.

"Soma!" Alitaka nirudie mstari uleule. Nikasonga mbele. Nikasoma pale waume wanapoambiwa wawapende wake zao kama miili yao wenyewe.

"Hapohapo!"

Sikukata. Sauti inatetemeka kama ya mbuzi, lakini inasoma. Hakuna mtu anayeuchukia mwili wake mwenyewe, nikasoma na hilo.

"Nimesema hapohapo." Safari hii bila mkia.

Kinanda kikanyamaza. Hapo ndipo nikasema kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ukurasa.

"Shemeji, wewe mwili wako huwa unaupasua mdomo?"

Fundi mitambo akanizimia kipaza sauti, lakini kachelewa. Dada akainua kichwa, akavuta mtandio taratibu ukashuka hadi shingoni. Mama wa kwaya akaona ule mdomo. Kicheko kikamkauka. Akaliokota begi, akamshika dada mkono, wakapita katikati ya viti mpaka mlangoni, na mama yangu nyuma yao. Shemeji akabaki anaangalia funguo za kinanda kana kwamba zimebadilishwa.

Nyumbani, kwa mara ya kwanza, baba alileta mezani sauti ya pili. "Umeniaibisha-aah! Mbele ya kundi langu-aah!"

Mama alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka.

"Punguza sauti, baba watoto. Hapa hakuna wa kukuitikia. Na mwanangu harudi kwa mumewe."

Baba akavuta kiti, akakaa. Halafu akaomba chumvi.

Nilimpa. Lakini bado nina hasira naye, na sitamwomba msamaha. Jumapili iliyofuata alisoma mwenyewe, akipapasa miwani, bila kinanda. Begi la dada liko juu ya kabati letu, tupu. Nguo zake zimechanganyika na zangu.