Tarizi Zilizomo Kompyutani

Kompyuta ya marehemu mume wangu iligoma kuwaka Alhamisi asubuhi, huku kanzu kumi za harusi ya Himyar ziko mezani hazina tarizi hata uzi mmoja. Harusi yenyewe Jumapili. Nilisoma Bismillahi, nikabonyeza kitufe, nikabonyeza tena. Feni ililia kidogo, kioo kikabaki cheusi.

Msidhani nililia chombo. Chombo kina miaka kumi na sita, kimechoka kuliko mimi. Nililia vilivyomo. Mume wangu, Abdulghani, alichora humo tarizi arobaini, na cherehani yetu ya umeme haijui kushona ua wala jani mpaka iletewe mchoro na kompyuta kwa waya. Kwa kuogopa wezi, aliziba matundu yote ya flashi kwa gundi. "Tarizi zangu hazitoki mtaani Makorora," alikuwa akisema. Nakala hatuna, na yeye tumemzika huu mwaka wa tatu.

Hosea, fundi wetu wa kompyuta kutoka milimani, huongea polepole mpaka unatamani kumsukuma. Aliifungua, akapuliza vumbi.

"Bi Shamsiya, sikufichi," akasema. "Ubao wake wa ndani umekufa na diski inaumwa. Nikiitengeneza, huenda ikawaka, huenda diski ikanifia mkononi na kila kilichomo kikapotea. Ukinunua mpya, kesho unapiga kazi. Ila mpya itakuja tupu."

"Tupu nitaifanyia nini, Hosea?"

"Ndiyo uamue, mama. Kesho alasiri nipe jibu."

Bi Buthaina, mama wa bwana harusi, alipiga simu mara tatu siku ile kuulizia kilua yao. Kilua ni tarizi ambayo baba yake Himyar na ami zake wote walioa nayo. Ningempelekea nyingine angenirudishia kanzu mbele za watu, na kwa Tanga hii, nani angeniletea kitambaa tena? Nikamwambia kazi inaendelea. Mungu anisamehe.

Ijumaa nikapata wazo. Si tarizi ziko shingoni mwa watu? Nikipata kanzu moja yenye kilua, labda nitaweza kuichora upya. Kumwomba Bi Buthaina ya mumewe ningejianika mwenyewe. Kuchora sijui, aliyekuwa akichora ni Abdulghani, tena mchoro mmoja aliutolea jasho wiki nzima. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Basi nikasimama ng'ambo ya msikiti, nikajifanya nachagua machungwa ya Muheza, na wanaume walipoanza kutoka nikawakodolea vifua. Mjane mzima! Muuza machungwa alinitazama kwa jicho baya. Tarizi zetu nyingi nilizitambua, zimefuliwa mpaka zimefifia. Kisha nikaiona kilua, inang'aa, kwenye kanzu mpya ya Sadalla wa duka la vyombo. Sadalla sijapata kumshonea hata leso.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Kanzu imekupenda. Nani kakushonea?"

"Bi Tausi wa Ngamiani."

Damu ilinichemka. Tausi! Mwizi ambaye Abdulghani alikuwa akimtaja kabla ya wezi wengine wote. Nikapanda boda, na njia nzima nikawa namtukana kimoyomoyo kwa maneno yasiyofaa siku ya Ijumaa. Tulipofika Barabara ya Kumi na Mbili hasira ikaanza kuniishia, woga ukashika nafasi yake. Mwenye kilua kwenye kanzu za wateja ana kilua kwenye kompyuta. Je, akinikatalia?

Tausi aliponiona mlangoni aliinuka, mkasi ukamponyoka.

"Dada Shamsiya, najua kilichokuleta. Nisamehe, wallahi. Mume wangu dobi, kanzu za nusu ya mji zinapita hapa kupigwa pasi. Nilianza kuichora moja tu..."

"Sikuja kugomba." Niliuokota mkasi, nikampa. "Kompyuta ya Abdulghani imekufa, na nakala sina. Nimekuja kuomba kilua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kufukuzwa. Akanivutia kiti, akaigeuza kompyuta yake ili nami nione.

"Kilua peke yake, dada, au zote?"

"Zote zipi?"

Akafungua. Tarizi zilijipanga moja baada ya moja, majani na maua niliyoyashona miaka yote, nikazihesabu kwa kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Zilitimia arobaini. Na juu ya orodha, kwa herufi kubwa, Tausi alikuwa ameandika ABDULGHANI.

Nililia palepale, mbele ya mwizi wa mume wangu, naye akanishika bega. Nilipoweza kuongea, nikampigia Hosea nikamwambia alete mpya.