Mbao Zilizofura

Mtaani Fedha kila mtu anajua kosa hili, na kila mtu hulifanya. Maji ya mgao yakikatika, mfereji wa jikoni haufungwi. Unavalishwa mpira, mpira unatumbukizwa kwenye pipa, na mwenye nyumba anaenda zake kazini ili maji yakirudi yajichote yenyewe. Ukimwuliza mtu kama haogopi mafuriko, atakucheka. Maji yenyewe ya mgao yanadondoka kwa kubembelezwa, pipa yatalijaza lini?

Celine alikuwa mmoja wa hao wanaocheka. Mume wake Caleb, karani wa reli, alikuwa amemwonya mara si haba. Caleb hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mpira ule ulimkera kwa sababu ya sakafu. Nyumba yao ilikuwa ya chini kabisa katika jengo la ghorofa nne, na walipoinunua ilikuwa na simiti tupu iliyotoa vumbi kila ukifagia. Caleb aliitandika mbao, zile nyembamba zinazoshikana ubao kwa ubao, na kazi hiyo aliifanya mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, amepiga magoti na penseli sikioni. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Asiyevua aliangaliwa miguu mpaka akavua.

Basi asubuhi moja Celine aliuvalisha mfereji mpira, akauacha wazi, akaenda kwenye duka lake la mapazia. Kawaida yake ilikuwa kurudi mchana kuchungulia pipa. Siku hiyo alipitia kwa msusi, kidogo tu, na sote tunakijua kidogo cha msusi. Aliporudi kichwa kimependeza, alikuta maji yakitoka chini ya mlango wake na kumwagika barazani.

Ndani maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Ndala za watoto, walioko shule ya bweni, zilikuwa zinaelea sebuleni. Celine alikimbia akafunga mfereji. Kisha akafanya jambo la pili, na hilo ndilo baya, kwa maana la kwanza lilikuwa uzembe tu. Aliuchomoa mpira, akaukunja, akausukuma nyuma ya gunia la makaa. Hakupanga kufanya hivyo. Mikono ya mwenye hatia haingoji ruhusa ya kichwa.

Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Mama huyu, Aluoch, alikuwa ameletwa kutoka Ugenya ili atolewe mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanyiwa operesheni, na la kushoto lilingoja la kwanza lipone. Alivaa miwani myeusi ya hospitali na kutembea akipapasa ukuta. Asubuhi hiyo alikuwa amevuka uwanja mapema kwenda kuzungumza na jirani, Nasambu, kabla mpira haujafungwa, kwa hiyo hakuuona. Lakini kabla ya kuvuka alikuwa amejaribu kusuuza kikombe chake cha chai, na mfereji wa nyumba ile ulikuwa wa mkono mmoja, unaoinuliwa na kuzungushwa. Hakuwahi kuuelewa. Aliuinua, hapakuwa na maji, akaurudisha alikodhani ni chini.

"Celine," alisema, maji yakimpita miguuni, "huo mfereji niliushika mimi."

Celine alifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Toka kwenye maji, Mama, utateleza."

Si uongo, sivyo? Hata baadaye alijitetea nafsini mwake kwamba hakusema uongo wowote. Alimwambia mama yake asiteleze, basi. Lakini Aluoch alishika fremu ya mlango na uso wake ukashuka, na Celine aliuona ukishuka, akachukua ufagio akaanza kusukuma maji nje kwa bidii ya mtu anayelipwa.

Hapa inafaa ujue kwa nini alinyamaza. Kwa Wajaluo wa umri wa Aluoch, mama mkwe hapaswi kulala katika nyumba ya mume wa binti yake. Wao humwita maro, na maro huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Aluoch alikubali kuja kwa sababu ya hospitali peke yake, na hata hivyo alikula chumbani kwa watoto huku Caleb akila sebuleni, wakasalimiana kila siku kupitia mlango ulio nusu wazi bila kupeana mikono. Caleb angeweza kumgombeza Celine hadi majirani wafunge madirisha. Lakini maro, Caleb hangeweza kumgombeza hata kwa jicho. Celine alilijua hilo, na katika ule muda mfupi wa kunyamaza alilipigia hesabu. Alidhani lawama ikimwangukia mama itakuwa imeangukia pamba, haitamuumiza mtu.

Caleb alirudi jioni akasimama kizingitini, mkoba bado begani. Kabla Celine hajaanza kueleza, sauti ya Aluoch ilitoka kwenye ujia, mwenyewe amegeukia ukuta.

"Caleb, ni mimi. Nimekuharibia nyumba."

Caleb aliuweka mkoba chini. Akasema hakuna neno, Mama, ni mbao tu. Kisha akatoka akaenda kusimama karibu na tangi la maji, akabaki huko mpaka chakula kikapoa. Celine alimwona dirishani na, aibu iliyoje, alishukuru.

Mbao zilikaa kimya siku ya kwanza. Baadaye zikaanza kufura. Kingo ziliinuka, viungo vikafumbuka, mlango wa chumba cha watoto ukakwama katikati. Ukikanyaga sebuleni, sakafu ilikulilia chini ya unyayo. Fundi aliyeitwa, Mutie kutoka Majengo, alipiga magoti akabonyeza ubao kwa kidole gumba.

"Hii imeenda, mathee," alimwambia Celine. "Mbao ikikunywa maji hivi hairudi."

Aling'oa zote. Chini yake sponji nyembamba ilikuwa imegeuka nyeusi na harufu ilipanda ikajaa nyumba. Caleb alizibeba mbao zake nje mwenyewe, mafungu mafungu, akazipanga ukutani kana kwamba zitatumika tena. Mutie alishauri vigae, lakini si mara moja. Alibandika kipande cha nailoni kwenye simiti, akakizungushia seloteipu pande zote, na kesho yake akawaonyesha matone yaliyoganda ndani yake. Simiti bado ilitoa jasho. Wakitandika vigae juu ya jasho, alisema, vitabanduka kabla ya Krismasi. Wangoje ikauke.

Kungoja huko ndiko kulikoleta balaa. Vyombo vyote vilisukumwa chumba kimoja, na chumba hicho kikawa ndicho pekee cha kulala. Haiwezekani mkwe na maro walale wakitenganishwa na kabati. Caleb hakulalamika. Alikunja mashati yake akaenda kukaa Mowlem kwa binamu yake Ondiek, ambaye alikuwa na watoto wengi na kochi fupi.

Aluoch alipoambiwa, alikaa kitandani. Alisema amemfukuza mwanamume kutoka nyumba aliyoitandika kwa magoti yake. Celine alimwambia sivyo, ni siku chache tu. Alisema kila kitu isipokuwa lile neno moja.

Hatia ina kero zake. Ungedhani itakuja kwa kishindo, kumbe inakuja ikiwa imevaa kanga ya mama yako. Celine alianza kumwona Aluoch akiinuka kwenda jikoni, anashika mfereji, anarudi kukaa, kisha anainuka tena kwenda kuushika. Alimsikia akitaja majina ya wajukuu kwa mpangilio wa kuzaliwa, na alipomaliza, alianza vitabu vya Biblia. Alipofika kwa Habakuki alisita, akaanza upya kutoka Mwanzo. Siku iliyofuata alimpa Celine chupa ya dawa ya jicho, akasema amtilie yeye, kwa sababu hana hakika tena kama ametia au hajatia.

Hapo Celine alijaribu. Naam, alijaribu, mpeni haki yake. Alikuwa amemwinamia mama yake, tone liko kwenye ncha ya chupa, akasema, "Mama, kuhusu ule mfereji." Aluoch akainua mkono akamwomba asiutaje, aibu aliyonayo inamtosha. Celine akanyamaza. Na kama angekuwa mkweli angekiri kwamba alinyamaza kwa furaha, kama mwanafunzi aliyesikia kengele kabla zamu yake ya kujibu haijafika.

Simiti ilikauka. Mutie alirudi akatandika vigae vya rangi ya kahawa, akavigonga kwa nyundo ya mpira kimoja kimoja, akajaza mianya, akakataza mtu kukanyaga hadi kesho. Caleb aliporudi kutoka Mowlem alipita juu yake taratibu, akasema sakafu ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa baridi pia, na hakuvua viatu.

Jioni hiyo hiyo Celine alimkuta mama yake akifunga mzigo. Kesho atapanda basi kurudi nyumbani, alisema. Celine akamkumbusha jicho la kushoto, kwamba daktari ameshapanga, kwamba akiondoka sasa hatarudi na jicho litazimika. Aluoch aliendelea kukunja leso zake.

"Hili moja linanitosha kuona aibu yangu," alisema. "Na kichwa changu kimeanza kwenda, Celine. Leo ni maji. Kesho nitaacha nini wazi, gesi? Niwachome?"

Basi yakamtoka. Celine alisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, ili Caleb aliyekuwa sebuleni asikie pia. Alisema ni yeye aliyeacha mfereji wazi na mpira kwenye pipa. Alisema alikaa kwa msusi. Alisema aliuficha mpira mama alipokuwa anavuka uwanja, na kichwa cha mama hakina kasoro yoyote. Alilia, wala hakuyafuta machozi.

Aluoch alivua miwani. Alimtazama binti yake kwa jicho lile moja jipya, kisha akamshika shavu.

"Wewe tangu utotoni hujui kudanganya," alisema. "Mungu akubariki kwa kutaka kunisitiri. Lakini usimdanganye mume wako kwa ajili yangu, si vizuri."

Celine aliapa. Alimwapia kwa kaburi la baba yake. Aluoch akampapasa mgongo tu, jinsi unavyompapasa mtoto anayekataa kulala. Celine akakimbilia sebuleni kwa Caleb, akamwambia ni kweli, kila neno, na kama anataka kumgombeza amgombeze sasa hivi. Caleb alikuwa amekaa na mikono magotini. Alisema kwa upole kwamba hakuna mtu aliyemlaumu mama, na yeye Celine asijitwishe mzigo usio wake. Alimwambia ana moyo mzuri. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia hivyo, na Celine alitamani ardhi ipasuke, vigae na vyote.

Alimpeleka mama yake kwenye basi. Njiani alirudia tena, na Aluoch akamwomba waimbe wimbo wa kanisani badala yake.

Wiki ya pili, ndugu yake Celine, Sylvance, alipiga simu kutoka nyumbani. Mke wake alikuwa amejifungua, mtoto wa kike, na wamempa jina la Aluoch. Celine alishangilia. Alikuwa jikoni, miguu mitupu juu ya vigae, akauliza kama mama ameshampakata mjukuu wake.

Sylvance alishusha sauti. Alisema mama hataki kumshika. Anakaa mlangoni anamtazama, ukimpa anarudisha mikono nyuma. Anasema kichwa chake hakishiki tena, asije akamweka mtoto mahali akamsahau.

Celine alivuta kiti akakaa. Akamwambia Sylvance polepole, neno kwa neno, asije akakosa kuelewa: ule mfereji mama hakuuacha wazi. "Ni mimi, Sylvance. Ni mimi niliyeuacha, na nikamwachia mama alaumiwe."

Upande wa pili kulikuwa na kilio cha mtoto, kisha Sylvance akacheka kwa huruma.

"Alituambia utasema hivyo," alisema. "Alisema tusikuamini, tukushukuru tu."